Nina kibali cha bastola. Je, ni haki kutembea nayo barabarani?

ZamuYaUsiku aliandika:

Wakuu, salaam. Naomba tujadili hili bila kurushiana maneno.

Mimi ni muuguzi, kitengo cha dharura. Zamu zangu nyingi zinaisha usiku mnene, na kutoka geti la hospitali mpaka kituo cha basi kuna kipande cha barabara chenye giza, ukuta upande mmoja, mtaro upande wa pili. Hapo ndipo nilipoporwa. Vijana wawili, mmoja ana kisu. Walichukua mkoba na simu, kisha wakaondoka wakitembea. Hata hawakukimbia. Hilo la kutokimbia liliniuma kuliko simu yenyewe.

Kaka yangu akalivalia njuga mpaka nikapata kibali. Mafunzo nimepita, bastola ninayo, iko kwenye kasha la chuma nyumbani, na mpaka leo sijatoka nayo hata hatua moja. Kila nikitaka kuivaa nasita.

Kwa hiyo siulizi sheria, sheria imeshanijibu. Nauliza haki. Yule mwenye kisu, kwa kumkadiria, hakuwa amefika miaka 18. Ningekuwa na bastola siku ile ningempiga? Na kama ningempiga, ningekuwa nimeua mtoto kwa ajili ya simu, au ningekuwa nimeokoa roho yangu? Maana na kisu nacho si mchezo. Nimekandamiza majeraha ya kisu kwa mikono hii, najua kitundu kidogo cha tumboni, ambacho kwa nje hata damu hakitoi ya kutisha, kinavyoweza kumwondoa mtu wakati bado tunatafuta mshipa wa kuwekea dripu.

La pili ni basi. Mle ndani tunabanana. Mama aliyekaa ubavuni mwangu na mtoto mapajani hajui nina chuma kiunoni, na sijamwomba ruhusa. Nina haki gani ya kumwekea hatari ile pembeni yake kwa sababu tu mimi naogopa?

Wenye uzoefu nisaidieni. Wa kutukana mpite tu.

Chuma_Mstaafu alijibu:

Pole dada kwa yaliyokukuta. Lakini mbona unajitesa? Aliyekuja na kisu ndiye aliyeamua kwamba usiku ule kuna mtu anaweza kufa. Wewe hukuamua kitu, ulikuwa unarudi nyumbani kulala. Damu ikimwagika iko shingoni mwake.

Kuna watu watakuja hapa kukwambia raia mwenye bastola hana msaada. Waambie wasome yaliyotokea Greenwood, jimbo la Indiana, Marekani, Julai 17, 2022. Mtu kaingia sehemu ya kulia chakula kwenye jengo la maduka, akaanza kumimina risasi, watu watatu wakafa. Kijana wa miaka 22, aliyekuja zake na mpenzi wake kutembea, akachomoa bastola na kumwangusha kutoka mbali, sekunde 15 tangu yule aanze. Sekunde 15! Polisi wangekuwa hata simu hawajapokea. Na jengo lile lilikuwa limekataza silaha. Kijana angetii katazo, leo tungekuwa tunataja idadi nyingine.

Vaa chuma chako uende kazini.

Mlinda_Msafara alijibu:

Dada, mimi nimevaa bastola kwa kazi, nikisindikiza magari ya fedha, na siku hizi nafundisha watu kulenga shabaha. Sina ugomvi na chuma, ndicho kinachonilisha. Na Mstaafu kasema kweli kuhusu Greenwood, yule kijana nampigia saluti. Ila tazama ni kitu gani kilichofanya jambo lile liwe safi: muuaji alikuwa wazi, bunduki mkononi, anaua watu mbele ya macho ya watu, hakuna mwenye shaka nani ni nani. Barabara yako yenye mtaro haiko hivyo.

Mwaka 1983 mkufunzi mmoja wa polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kuhusu jaribio rahisi. Mtu mwenye kisu akiwa futi 21 kutoka kwako, yaani mita 6 na kidogo, anakufikia kwa sekunde moja na nusu. Huo ndio muda ambao askari aliyefunzwa anauhitaji kuchomoa na kupiga. Sasa niambie, wale vijana kisu walikitoa wakiwa umbali gani? Naweza kuapa haikuwa mita 6. Mporaji wa njiani anakuja mpaka unasikia pumzi yake, ndipo kisu kinaonekana. Hapo ndipo mkono wako uingie chini ya koti, uinue kitambaa, uvute chuma kwenye ala, uelekeze, na yeye ameshakushika bega. Zoezi hili nalifanya na wanafunzi, kisu cha mpira na bastola ya plastiki. Karibu wote wanachomwa kabla mdomo wa bastola haujanyanyuka. Wanaowahi kubonyeza, wengi wao ingekuwa chuma cha kweli wangekuwa wamejipiga paja.

Kwa hiyo ukijiuliza kama ungempiga yule kijana, jibu la kweli ni kwamba pengine usingepata nafasi. Au ungeipata wakati anaondoka, na hapo ndipo pabaya. Umesema waliondoka wakitembea. Mwenyewe umekiri hicho ndicho kilichokuuma. Sasa jiweke pale na bastola mkononi: mgongo wa yule mtoto uko mbele yako, hana haraka, mkoba wako uko begani kwake. Ukimpiga pale hujajihami. Hatari imeshakwisha, iliyobaki ni hasira.

Tuje kwa mama wa kwenye basi. Nakupongeza kwa swali hilo, wanafunzi wangu huwa hawaliulizi, wanauliza aina ya risasi.

Risasi ikikosa haipotei, inakwenda mpaka ikute kitu. Na inakosa sana. Ripoti ya taasisi ya utafiti ya RAND ya mwaka 2008 kuhusu polisi wa New York ilikuta kwamba wanaporushiana risasi na mtuhumiwa, zinazompata ni asilimia 18 tu. Hao ni watu wanaofanya mazoezi kwa mshahara. Agosti 24, 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili walipiga risasi 16 kumzuia mtu aliyekuwa ametoka kuua. Walimpata. Walipata na wapita njia tisa, wengine kwa risasi yenyewe, wengine kwa vipande vilivyoruka. Kila mmoja wa wale tisa alikuwa anapita zake tu. Sasa wewe, mpiga shabaha wa Jumamosi moja moja, gizani, mikono inatetemeka, nyuma ya huyo kijana kuna kituo cha basi.

Lakini tuache siku ya kupiga, maana kwa wabebaji wengi siku hiyo haifiki kamwe. Maadili ya bastola yako chooni. Nasema kweli kabisa. Unaingia choo cha umma, unafungua mkanda, suruali inashuka na bastola inashuka nayo. Unaiweka wapi? Juu ya tangi la maji? Wapo walioisahau papo hapo, na anayeingia baada yako humjui. Mfanyakazi mwenzako anakukumbatia kukupongeza, unamgeuzia upande kama una kidonda. Mtoto wa jirani anapenda kuning'inia mkanda wa shangazi yake. Wewe ukifika kazini unavaa sare. Bastola inakaa wapi saa zote hizo? Kabati la wauguzi kitasa chake nakijua, kinafunguka kwa pini ya nywele.

Kwa maoni yangu kutembea na bastola kunaweza kuwa haki, ila bei yake hailipwi na aliyeivaa peke yake. Wanailipa na wote wanaobanana naye kwenye basi. Kwa hiyo aliyeivaa anadaiwa nao kimya kimya, na deni lile analilipa kwa kujinyima. Hanywi. Hajibu tusi. Haendi kuamua ugomvi wa watu. Akikanyagwa mguu yeye ndiye anaomba radhi. Akiporwa mali tupu, anaitoa. Wengi wanaokuja kwangu wanataka bastola ili wasiwe wanyonge tena, na mimi nawaambia kuanzia siku unaivaa utakuwa mnyonge kuliko wote mtaani, kwa sababu wewe peke yako ndiye huruhusiwi kukasirika. Nusu yao sura zinabadilika.

Nitakayemwambia vaa bila kusita ni yule ambaye kuna mtu anayemjua kwa jina, aliyesema atamuua, na polisi wamechukua maelezo wakafunga jalada. Huyo hali yake ni nyingine.

Mwalimu_wa_Jioni alijibu:

Nimempenda Mlinda_Msafara, lakini naona amesimama hatua moja kabla ya mahali hoja yake inapompeleka.

Nianze na maandiko, kwa kuwa najua yatakuja. Kwenye Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 22, aya ya 2 na ya 3: mwizi akikutwa anavunja nyumba usiku, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Jua likiwa limechomoza, hatia ipo. Tofauti yote iko kwenye mwanga. Usiku huwezi kujua amefuata mbuzi au amefuata roho yako, mchana unaweza. Mwanateolojia Thomas Aquinas, karne ya 13, alipojadili kama inaruhusiwa kuua katika kujitetea, aliitaja aya hiyohiyo. Akasema tendo moja linaweza kuwa na matokeo mawili, kuokoa uhai wako na kumwua anayekushambulia, na halina ubaya iwapo ulilolikusudia ni la kwanza, na nguvu uliyotumia haikuzidi iliyohitajika. Lakini raia wa kawaida, akasisitiza, hana ruhusa ya kukusudia kuua.

Hapo ndipo ninaponasa. Hoja ile inamkaa vizuri mtu aliyeshtukizwa akashika alichokikuta. Inamkaaje anayejaza risasi kila jioni mbele ya kioo, aliyechagua aina ya risasi, aliyejizoesha kulenga katikati ya kifua? Kifo cha mtu ameshakifikiria mapema, bado sura tu ya marehemu. Sisemi haiwezekani akawa na nia safi. Nasema hawezi tena kudai kwamba kifo kilimjia pembeni.

Upande wa Waislamu kuna hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, nayo inajibu swali la basi kuliko kitu chochote nilichosoma kwa wanafalsafa: anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vigumba, asije akamdhuru mtu. Hakukatazwa kupita nayo. Aliambiwa makali yawe ndani ya kiganja chake. Yaani katikati ya watu, wa kwanza kukaa kwenye hatari ya silaha awe aliyeileta.

Bastola haishikiki hivyo. Na hilo halirekebishwi na uangalifu wa Mlinda_Msafara, kwa sababu kanuni haiandikwi kwa ajili yake peke yake. Tukisema mwoga ana haki ya kubeba, basi kila mwoga anayo, na yule kijana wa kisu ni mwoga pia. Mwanafalsafa Thomas Hobbes mwaka 1651 alimtaka msomaji wake ajitazame: unaposafiri umebeba silaha na unapofunga mlango usiku, umewahukumu vipi raia wenzako? Yeye alilitumia swali hilo kuonyesha kwa nini tunahitaji dola yenye nguvu. Mimi nalirudisha kwa dada kama lilivyo.

Uingereza, baada ya mauaji ya shule ya Dunblane ya Machi 13, 1996, ambako watoto 16 na mwalimu wao waliuawa, bastola za mkononi karibu zote zilipigwa marufuku kwa raia mwaka uliofuata. Australia mwaka huohuo wa 1996, baada ya mauaji ya Port Arthur, iliandika wazi kwamba kujilinda si sababu ya kupewa leseni. Mwenye shamba anapewa, mwanamichezo anapewa, mwenye hofu hapewi. Nchi hizo hazikusema uhai wako hauna thamani. Zilisema hofu ya kila mtu ikijumlishwa inazaa hatari kubwa kuliko ile iliyoanza nayo.

Chuma_Mstaafu alijibu:

Mwalimu, kuna hadithi nyingine umeiruka. Anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Ipo, na unaijua.

Halafu nyote wawili ni wanaume. Mlinda_Msafara amefunzwa, na nadhani hata bila chuma kibaka akimwona anavuka barabara. Mwalimu kashika vitabu. Dada hapa akikabwa na vijana wawili hana ngumi, hana mbio, viatu vyenyewe vya kazini. Kitu pekee duniani kinachomfanya mwanamke wa kilo 55 awe sawa na mwanaume wa kilo 90 ni bastola. Mkimwambia asibebe, mnamwambia mwenye nguvu ashinde siku zote. Hayo nayo ni maadili?

Mwalimu_wa_Jioni alijibu:

Hadithi ya shahidi inamhusu anayesimama kutetea chake, na inamheshimu aliyekufa. Haijasema atembee na nini. Lakini hoja yako ya kilo 55 ni nzito, siwezi kuipunguza. Ireland Kaskazini, ambayo marufuku ile ya bastola haikuigusa, inaruhusu mtu kuwa nayo akithibitisha tishio la kweli dhidi yake mwenyewe. Pengine mlango mwembamba wa namna hiyo ndio unaokujibu. Ni mlango wa mtu anayetafutwa, kama alivyosema Mlinda_Msafara, na dada hatafutwi. Alikutwa tu.

Hesabu_Tu alijibu:

Napita haraka. Hoja ya "wabebaji wakiwa wengi majambazi wanaogopa" ilipata nguvu na utafiti wa John Lott na David Mustard wa mwaka 1997. Mwaka 2004 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilizipitia takwimu hizo na kusema haziruhusu kuhitimisha kwamba sheria za kubeba zinapunguza uhalifu wala kwamba zinauongeza. Mwaka 2019 John Donohue na wenzake walikadiria kwamba miaka kumi baada ya jimbo kulegeza sheria hizo, uhalifu wa kutumia nguvu unakuwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa. Wapinzani wao wanabishia mbinu, ndiyo kazi yao. Ila anayesema "imethibitishwa inapunguza" yuko nyuma ya wakati.

Hizo ni namba za majimbo, hazimwambii dada afanye nini akifika kwenye mtaro. Nimetoka.

Ughaibuni alijibu:

Naishi Marekani, na mimi ni mweusi. Naomba niongeze kitu ambacho ukiwa huku unakikuta mapema: bastola unayovaa wewe siyo bastola wanayoiona wengine.

Philando Castile, Julai 6, 2016, Minnesota. Alikuwa na kibali. Aliposimamishwa na polisi barabarani alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye alikuwa amepigwa risasi, mchumba wake pembeni, mtoto mdogo kiti cha nyuma. Askari alishtakiwa, na mwaka 2017 baraza la wazee wa mahakama likamwachia. Kibali hakikumkinga.

Na usidhani ni rangi tu. Arvada, Colorado, Juni 21, 2021: mtu alimwua polisi, na raia mwenye bastola akamwangusha muuaji. Shujaa kabisa, wa aina ya yule wa Greenwood. Kisha akaiokota bunduki ya muuaji, pengine aiweke mbali. Askari aliyefika wakati huo aliona mtu amesimama na bunduki, akampiga akafa. Hakukuwa na mtu mbaya pale tena. Wote wawili walikuwa wanazuia mauaji.

Mtafiti Keith Payne, mwaka 2001, aliwaonyesha watu picha ya uso kwa kufumba na kufumbua, kisha picha ya kifaa cha fundi au bastola, waseme haraka ni kipi. Uso ukiwa wa mtu mweusi, walikosea zaidi kukiita kifaa bastola. Fikiria sasa ukiwa kweli umeishika. Dada, ukiichomoa kwenye giza lile, anayekuja nyuma yako ataona nini? Hataona muuguzi.

ZamuYaUsiku alijibu:

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Ahsanteni, hata wewe Mstaafu. Hoja ya kilo 55 umenikadiria vizuri kuliko nilivyopenda.

Kuna ambalo sikuliandika mwanzo. Baada ya ule uporaji nilikaa muda mrefu silali vizuri, na zamu za usiku zinaongeza. Mwenzangu wa kazi nilipomwambia nina bastola nyumbani hakuniuliza habari za vibaka. Alinionyesha utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2020 kwenye New England Journal of Medicine, uliofuatilia watu zaidi ya milioni 26. Wanaume wenye bastola walijiua kwa bunduki karibu mara 8 zaidi ya wasio nazo. Wanawake, mara 35. Akaniuliza tu, "Umeshawahi kuwaza?" Sikuwa nimewaza. Lakini nilielewa kwa nini anauliza. Hili nalo sikuliona kwenye mafunzo ya kibali, kule tuliulizwa kama tuna kesi mahakamani.

Mlinda_Msafara, swali moja kama hutajali. Kwa miaka yote hiyo, iliwahi kukusaidia wewe binafsi? Nje ya kazi?

Mlinda_Msafara alijibu:

Huyo mwenzako mshike sana. Mimi swali lile nawauliza wanafunzi faraghani, mmoja mmoja, na nimeshawahi kumrudisha mtu nyumbani akapumzike kwanza. Hakunishukuru siku ile.

Mwalimu kuhusu mishale: wapo wanaovaa bastola mbele ya kinena, mdomo unaelekea walikotoka watoto wao. Hao wameitimiza hadithi bila kujua.

Swali lako, dada. Niliwahi kuporwa simu nikiwa na bastola kiunoni, risasi iko chemba, tayari kupigwa. Nilikuwa nimetoka kazini, nimevua koti la kampuni. Jamaa mmoja, mwembamba, ana bisibisi, siyo hata kisu. Aliiweka hapa chini ya mbavu, akasema simu. Kitu cha ajabu unapokuwa umefundishwa ni kwamba mkono unajua njia. Nilihisi kidole gumba kimeshafika kwenye pindo la shati. Nikaangalia bisibisi, nikaangalia alipo, nikaona nikivuta hapa mmoja wetu anakufa, na nyuma yake kuna muuza magazeti amejiinamia. Nikampa simu kwa mkono uleule. Akaniambia, "Na nenosiri, mzee." Nikampa na nenosiri.

Kwenda nyumbani nilitembea na hasira ambayo sijui kuielezea. Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, eti mlinzi wa mamilioni kaporwa kwa bisibisi. Kwa hiyo jibu ni hapana, haikunisaidia. Simu nilinunua nyingine.

Chuma_Mstaafu alijibu:

Mimi ningempiga.

Mlinda_Msafara alijibu:

Najua, kaka. Na muuza magazeti?

Chuma_Mstaafu alijibu:

Angelala chini.

Mlinda_Msafara alijibu:

Alikuwa hajui kuna kitu cha kumlaza.

ZamuYaUsiku alijibu:

Naomba msigombane kwenye uzi wangu.

Nilikofikia ni hivi. Tumeongea wauguzi wa zamu moja, tumekubaliana tunatoka pamoja, anayemaliza kwanza anasubiri. Tulikwenda kwa uongozi tukiwa kundi, wametoa mlinzi mwenye tochi wa kutufikisha kituoni. Jumapili hakuna, wanasema watu ni wachache. Hilo bado tunalipigania, na taa za ile barabara pia. Haitoshi, najua. Siku nikiwa peke yangu Jumapili, Mstaafu atakuwa na haki ya kuniambia "nilikwambia."

Ila kuivaa kwenye basi siwezi. Na kuiweka nyumbani, baada ya zile namba, naona kila nikilala kasha lile liko macho. Nataka kuirudisha. Kaka yangu kakasirika, ananiambia nimemtia aibu kwa waliomsaidia. Naanzaje? Naibeba tu kwenye mkoba mpaka polisi?

Mlinda_Msafara alijibu:

Usiibebe kwenye mkoba, na usiende nayo kwa basi.

Piga simu kituoni kwanza, waambie una silaha yenye kibali unataka kuisalimisha, na uliza jina la afisa atakayeipokea na saa atakayokuwepo. Wengine watakuja kuichukua wenyewe, hiyo ndiyo nzuri zaidi. Kama ni lazima uende, nenda na gari la mtu unayemwamini. Nyumbani toa magazini yenye risasi, vuta slaidi ya juu ya bastola nyuma, tazama chemba kwa macho na uipapase kwa kidole, kisha rudia tena hata kama uliona ni tupu. Ielekeze chini kwenye udongo au ndoo ya mchanga muda wote huo, siyo ukutani, maana nyuma ya ukuta kuna jirani. Risasi ziende kwenye boksi lake, bastola kwenye kasha, kasha kwenye buti la gari.

Ukifika iache ndani ya gari. Ingia mikono mitupu, ongea na yule afisa, yeye ndiye atoke nawe kuifuata. Hesabuni risasi pamoja. Namba ya bastola iandikwe kwenye hati, isainiwe na igongwe muhuri, na nakala ubaki nayo. Hiyo usiipoteze, kwa sababu siku moja atakuja mtu kukuuliza chuma chako kiko wapi.

Na kama kaka yako ana ufunguo wa lile kasha, uchukue leo.